Maji ya Karafuu Maiti

Shaame alikiona kikombe kabla dada yake hajavuka kizingiti, akageuzia uso ukutani.

"Uji wa mchele mtupu," Mkasi akasema. "Sikutia iliki wala sukari. Ni maji yaliyopita karibu na mchele."

"Weka hapo, Dada."

"Jana niliweka hapo, ukachacha hapohapo."

Utani ule uliwatoka kwa mazoea tu, na haukumchekesha yeyote. Shaame akajizoazoa, akaketi, mpira wa maji ya chumvi ukining'inia mkononi mwake. Mabega yalikuwa yamemchongoka. Alibana pua kwa vidole viwili kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini, akafumbua mdomo, akameza kijiko kimoja. Ilionekana kama kitakaa. Lakini harufu ya chakula haina mlango mmoja. Ukiziba puani hupanda kwa nyuma, kooni, na huko vidole havifiki. Uso ukamsawijika. Beseni lilikuwa tayari chini ya kitanda, na Mkasi alishajua kulitoa bila kutazama.

"Yuleyule," Shaame alisema alipomaliza kutapika. "Baba. Wali ni Baba, maji ni Baba. Hata mke wangu Riziki akija kuniaga ni Baba."

Mkasi alikuwa mtu wa majibu. Watu walivuka bahari kuja kumsikiliza. Siku ile alimfuta mdogo wake mdomo, akatoka na kikombe mkononi.

Nyumba ya Pua, alikokuwa Mkasi mkuu wa maabara, ilijengwa juu ya kilima cha Wete baada ya Moshi wa Betri, mwaka ghala la betri kuukuu lilipoungua na upepo ukauleta moshi mjini. Watu hawakufa, walikauka pua. Wakawa wanakula wali uliolala, wanaacha gesi ikivuja jikoni, wanajipaka mafuta mazuri hadi jirani anafunga dirisha. Na kwa mji unaoishi kwa karafuu hilo lilikuwa balaa juu ya balaa, maana nani ataipima bidhaa kama pua zote zimelala? Shaame alikuwa mnusaji wa mafuta ya karafuu. Ungemtilia tone moja kwenye kipande cha pamba akakwambia ni ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, au ni ya maua, na kama jungu liliunguzwa. Tangu moshi ule alikaa kibarazani akitazama watu wanaopita.

Mkasi ndiye aliyepata dawa. Kwa Kiswahili harufu husikiwa, haionwi, naye alipenda kuwaambia wageni kwamba wazee walijua mapema kuliko maabara: kazi ya pua ni kusikilizana. Chini kabisa ya utando wa pua zipo seli shina, akiba ya mwili, zimelala. Seli jirani huzipelekea ujumbe wa kikemikali usiokatika, tulia, tulia. Utando ukiumia, ujumbe huo hunyamaza na mwingine huanza, amka. Akiba huamka, ikagawanyika. Baadhi hubaki akiba, baadhi hugeuka neva, na kila neva hutoa uzi mwembamba unaopenya matundu ya mfupa ulio juu ya pua na kuingia kwenye ubongo kutafuta kituo chake. Moshi ulikuwa umeziacha seli zikisikia tulia peke yake. Tone la Mkasi lilisema amka, tena kwa sauti ya juu.

Shida ilikuwa siku za nyuzi kuwasili. Waliziita dirisha. Uzi mchanga haujui pa kwenda. Huvutwa penye shughuli, kama watu wanavyovutwa penye ngoma. Kwa hiyo mgonjwa hufungiwa chumba chenye hewa iliyochujwa, akanusishwa harufu moja baada ya nyingine kwa zamu, ndimu, kahawa, udongo wenye mvua, ili vituo vyote vya ubongo viwake na kila uzi upate kwake.

Na dirisha la Shaame lilipofunguka, baba yao akafariki.

Ami Kombo, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuja kilimani. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema, "Baba haoshwi na watu baki na mwanawe wa kiume yupo. Mpe ruhusa, mwanangu. Saa moja tu." Mkasi alikuwa na kilio kifuani. Alimtazama Shaame kupitia kioo, akapiga hesabu ya haraka kama mtu anayetaka hesabu impe jibu analolitaka, akasema, "Pua yake bado imekufa. Hatosikia kitu. Nendeni."

Shaame alimwosha baba yake. Maji ya kwanza, maji ya majani ya mkunazi, na maji ya mwisho, yale yanayotiwa karafuu maiti, kafuri ya kuoshea wafu. Chumba kilikuwa kidogo na kimefungwa. Nyuzi za mwanzo kabisa zilikuwa zimeshapenya mfupa, na ndani kulikuwa na kituo kimoja tu kinachowaka. Zote zilizofuata zilikwenda huko, na tangu hapo kila harufu kwa Shaame ikawa ya maji yale.

Mara mbili Mkasi aliuchoma utando wote kwa dawa na kuziamsha seli upya. Mara mbili nyuzi mpya zilifuata mapito ya zile za zamani, maana mapito hayafi na nyuzi zake, zikafika palepale. Sasa akiba yenyewe ilikuwa imekwisha. Kukiondoa kituo kulihitaji kufungua fuvu, na daktari wa ganzi alishasema moyo wa Shaame hauhimili. Mpira wa kumlisha tumboni waliujaribu; akicheua kidogo tu, harufu inapanda na chakula chote kinatoka. Mtu alikuwa anakufa kwa njaa na vyungu vimejaa.

* * *

Riziki alikuwa akimsubiri Mkasi maabara. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mkasi, mtoto kifuani amefunikwa ukaya. Mtoto hakuwa na jina. Jina hutolewa na baba, na baba alipoletewa mwanawe mara ya kwanza alimkaribia, akavuta pumzi, akatoka mbio akijishika mdomo. Tangu hapo walimwita mgeni.

"Wifi, mie nimeshaamua," Riziki akasema. "Mchukue."

Mkasi aliweka kikombe juu ya meza. Alijua anaambiwa nini, na alijua ni ulimi wake uliolileta jambo hilo. Siku mbili nyuma, kwa uchovu, alikuwa amesema mbele ya Riziki kwamba seli za mtoto mchanga wa damu ileile zingeweza. Seli changa vile hazifuati mapito ya wengine. Hujitengenezea njia mpya kama zilivyofanya tumboni. Ukizikwangua puani mwa mtoto kabla ya arobaini yake, ukazipanda kwa Shaame, vituo vingine vingepata nyuzi. Alisema, kisha akajutia, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Nilikwambia na la pili," Mkasi akasema.

"Uliniambia."

"Nilikwambia kuhusu panya."

"Mwanangu si panya."

"Vitoto vya panya tulivyovikwangua, vingine pua zilirudi. Vingine hazikurudi maisha. Vikawa vinalala kando ya chuchu za mama yao, maziwa hapa, mdomo hapa, na vinakufa kwa njaa kwa sababu havijui kama maziwa yapo. Siwezi kukwambia huyu atakuwa upande gani. Sijui, Riziki."

"Huyu hatokufa. Ntamlisha kwa kijiko. Ntamlisha kwa chupa." Riziki alikuwa anasema taratibu, kama mtu aliyeyarudia maneno njiani. "Akikosa pua ataishi. Akikosa baba je?"

"Wangapi wamekosa baba wakaishi?"

"Na wangapi wamekosa pua wakaishi? Si mji mzima huu?" Akamrekebisha mtoto. "Ungekuwa wako ungefanya nini?"

Mkasi hakuwa na mtoto, na Riziki hakulisema lile kwa ubaya. Lakini lilimchoma. Zaidi ya hapo, alitaka. Hilo ndilo lililomtisha. Alitaka kufanya kwa mwili mzima, mikono yake ilikuwa inawasha kwa kutaka. Angemwona Shaame anakula. Angeamka asubuhi moja bila ile sentensi yake mwenyewe kichwani, pua yake bado imekufa, nendeni. Na wa kulipa angekuwa mtu asiyejua hata kuuliza bei.

"Mama mtu ni mie," Riziki akasema. "Idhini nimetoa."

"Haya," Mkasi akasema. "Mlaze."

* * *

Kazi ile haitaki kisu. Inataka brashi nyembamba kuliko unyoya, mkono usiotetemeka, na mtoto mwenye njaa, maana tumbo likiwa tupu hatapaliwa. Mgeni hakunyonyeshwa tangu alfajiri. Jua la saa nne lilikuwa limeingia hadi mezani na Riziki alisimama nyuma ya pazia la plastiki, nje ya mahali pasafi, gauni limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe.

Mkasi alivaa glavu. Akamnyoosha mtoto kichwa, akashika brashi.

Mtoto akageuza kichwa upande wa pazia.

Macho yalikuwa yamefumba. Riziki hakusema neno, hakujikohoza, hakugusa kitu. Mkasi alimrudisha taratibu kwa kidole shavuni. Mtoto akakaa kidogo, vitundu vyake vya pua vikafunguka na kufumba, akageuka tena kulekule, mdomo umeachama, ulimi unatafuta. Mara ya tatu Mkasi alimgeuza kwa nguvu kidogo. Mtoto hakulia. Aligeuka tena kwa subira ya mtu anayejua anakokwenda na anayeona ni suala la muda tu.

Mkasi alisimama na brashi hewani. Alikuwa amechora mchoro wa njia ile mara nyingi ubaoni, seli, uzi, mfupa, kituo, mishale ya rangi. Hakuwahi kuuona ukifanya kazi kwenye shingo la mtu lenye unene wa vidole vitatu. Aliirudisha brashi kwenye sinia.

"Nini?" Riziki akauliza nyuma ya plastiki.

"Sifanyi."

"Kwa nini? Kuna kitu umeona?"

"Anakusikia," Mkasi akasema. "Umesimama huko, na anakusikia."

Riziki alilipasua pazia kwa mkono. Alimchukua mtoto mezani, na mtoto akashika titi kabla hajakaa vizuri. Akanyonya kwa pupa, akipumua kwa kelele. Riziki alisimama hivyo, machozi yanamdondokea mwanawe kichwani, na sauti yake ilipotoka ilikuwa baridi.

"Baba mkwe ulimpa Shaame amwoshe. Hapo hukuwa na huruma na pua ya mtu. Leo ndiyo umeipata." Akafunga ukaya. "Mume wangu akifa, wifi, usije kukaa tanga kwangu."

Akatoka. Mkasi alikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la Riziki, akalia kama hakulia hata siku ya baba yake.

* * *

Alimkuta Shaame ameketi, miguu sakafuni, anatazama kikombe cha uji alichokuwa amekirudisha muuguzi. Juu kilikuwa kimeshika utando.

"Kuta za humu nyembamba," Shaame akasema. "Nimesikia."

"Basi sina la kukwambia."

"Usije ukadhani mie ni mtu mwema. Ungeniuliza jana ningekwambia mchukue. Ningekubali, Dada. Nimekaa hapa naona haya na bado nnatamani ungefanya."

Mkasi akaketi pembeni yake. Kupitia dirishani waliona majamvi ya karafuu yaliyoanikwa uwanjani kwa jirani, mekundu yakigeuka kahawia. Mji mzima siku zile ulinuka karafuu, na Shaame, aliyeishi kwa harufu hiyo, alikuwa ameomba dirisha lifungwe.

"Unajua kinachoniua?" Shaame akasema. "Si harufu. Karafuu maiti mbona hunuka vizuri, ukiiwaza. Bibi alikuwa akiitia kwenye sanduku la nguo." Akajaribu kumeza mate, akasita, akameza. "Siku ile mie sikusikia kitu. Nilimwosha kwa macho tu. Nikaanza na mkono wa kulia kama alivyoniambia ami. Ukiuinua, unauosha, ukiuwachia, unaanguka. Basi. Unaanguka vile, pu, juu ya ubao. Mkono wa Baba ule, uliokuwa ukinipiga kofi. Sasa kijiko kikifika mdomoni, harufu haijanifika vizuri, mkono unaanguka. Kila tonge, unaanguka. Nani atakula hapo?"

Mkasi alimtazama. Wanafunzi wake walizoea kumwona hivyo, mdomo wazi kidogo, kama amesahau jina la mtu. Miaka yote alikuwa amesoma ujumbe unaopanda, kutoka puani kwenda juu. Alijua, kama kila mtu wa kazi yake, kwamba kuna nyuzi zinazoteremka pia, kwamba ubongo hukiambia kituo lipi la kuogopa na lipi la kufuata. Hakuwahi kushughulika nazo. Hakuwa na tone la kuzisemesha. Njia ya Shaame hakuna mtu angeihamisha tena. Lakini mwishoni mwa njia ile kulikuwa na mkono unaoanguka, na mkono huo haukuwekwa pale na seli yoyote.

"Nakuja," akasema.

Riziki alikuwa kwenye ngazi za nje, anafunga furushi la nguo za mtoto kwenda kwao. Mkasi alisimama mbele yake.

"Mpe amwoshe," akasema.

"Nani amwoshe nani?"

"Shaame amwoshe mgeni."

Riziki alimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. "Dawa umemnyima, sasa unampa adhabu? Akimwona tu hutapika."

"Najua."

"Hana nguvu. Atamdondosha."

"Kichwa utakishika wewe. Mie ntashika beseni." Sauti ya Mkasi ilikuwa imekwisha. "Si dawa, wifi. Sikudanganyi, sina hakika nayo hata chembe. Nimeishiwa. Kama una chengine niambie nikifanye."

Riziki alilifunga furushi fundo la mwisho. Kisha akainuka, na hakumwangalia Mkasi usoni walipokuwa wakirudi ndani.

Waliweka karai juu ya kiti, maji ya vuguvugu, bila sabuni. Riziki alimvua mtoto, akamlaza juu ya kiganja. Shaame alivuta pumzi moja tu na mwili wake wote ukajikunja. Hakuwa na kitu tumboni cha kutoka. Alitapika hewa, akatapika mate, mishipa ya shingo imemsimama. Riziki akaanza kumwondoa mtoto.

"Mwache," Shaame akasema.

"Shaame."

"Mwache hapo."

Alitia mkono majini. Pengine hakujua anachofanya, lakini Riziki aliona na Mkasi aliona: alianza na mkono wa kulia. Aliuchukua kwa vidole viwili, akauinua, akaumwagia maji taratibu kutoka begani kushuka. Midomo yake ilikuwa inanong'ona kitu. Jasho lilimtoka. Akavuta pumzi kwa pua, kwa makusudi, mara ya kwanza tangu lini sijui, akaguna kama mtu aliyepigwa ngumi, na akauachia ule mkono.

Ukabaki juu.

Mtoto alikuwa ameukunja ngumi, anauyumbisha hewani kwa hasira, maji yanachuruzika kiwikoni. Akaunyoosha, akaukunja tena, akagonga kidole cha baba yake, akakishika. Kisha akapiga ukelele, kwa sababu maji yalikuwa yanapoa na hakuna aliyemsikiliza.

Shaame alikitazama kidole chake.

"Hauanguki," akasema.

"Nini hakianguki?" Riziki akauliza.

"Mkono."

Mkasi alikuwa ameshika karai kwa mikono miwili. Alitaka kuuliza na aliogopa kuuliza. "Bado ni Baba?" akauliza.

"Bado." Shaame akavuta pumzi tena, akaikaza taya. "Ni Baba mtupu. Ila Baba huyu anapiga kelele."

Riziki akatoa sauti iliyokuwa katikati ya kicheko na kilio. Shaame hakukitoa kidole. Kwa mkono wa pili, wenye mpira, alionyesha meza.

"Lete huo uji."

"Umepoa. Nitapika mwengine."

"Lete huohuo, Dada."

Mkasi aliuondoa utando kwa kijiko, akamlisha. Shaame alimeza huku macho yake yako kwenye ile ngumi ndogo. Kijiko kikapanda, kikatoka, kikamchafua kifuani. Alipangusa kidevu begani bila kuachia kidole, akafungua mdomo, akasubiri.

Mkasi akachota kingine.